Geti la Juu Siku ya Kushusha

Noeline Rehu alikuwa na uchovu ule ambao usingizi hauutoi. Toka mwezi wa kumi alikuwa akipandisha wageni mlimani siku sita kwa juma, na dereva mwenzake alipoacha kazi mwezi wa kwanza akaenda kuolewa kisiwa cha kaskazini, zile siku sita zikawa saba. Sasa ulikuwa mwezi wa nne, na kule kusini mwa dunia baridi ndiyo ilikuwa inaanza. Miti ya kando ya mto ilikuwa imegeuka manjano, asubuhi kioo cha gari kilikuwa na barafu ya kukwangua, na yeye, mwanamke wa miaka hamsini na sita, alikuwa akijikuta anasema maneno yaleyale kwa sauti ileile hata akiwa peke yake jikoni: hapa ndipo mfalme alipopiga magoti, pale ndipo lilipotokea jeshi la farasi.

Filamu iliyowaleta wageni hao hakuwahi kuitazama hadi mwisho. Ilipigwa miaka mingi nyuma juu ya Kinundu, kilima cha mawe kilichosimama peke yake bondeni kama jino lililobaki. Watu wa filamu walijenga pale mji wa mbao na plasta, wakapiga picha zao wiki tisa, wakaubomoa na kuubeba wote hadi msumari wa mwisho, maana ndivyo walivyokubaliana na Struan Garvie, mwenye ranchi. Hakikubaki kitu. Hata hivyo watu walitoka pembe zote za dunia kuja kutazama mahali ambapo kitu hakipo.

Kinundu kiko ndani kabisa ya ranchi ya Struan, na barabara ya kukifikia ni yake. Karatasi haikuandikwa. Kila mwaka baridi ikikaribia Noeline alimpelekea keki ya matunda, wakanywa chai, Struan akasema haya, mwaka mwingine, mambo yakaisha. Sharti lilikuwa moja tu. Geti ulivyolikuta ndivyo uliache: lililofungwa ulifunge nyuma yako, lililo wazi uliache wazi. Mtoto wa bonde lile hulijua hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Bila barabara ya Struan, Noeline hakuwa na safari, na bila safari iliyobaki ilikuwa kurudi kufua mashuka ya hoteli, kazi aliyoifanya miaka kumi na miwili mpaka mgongo ukakataa.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Jana yake jioni Struan alikuwa amempigia simu. Alimwambia theluji inakuja mapema, kwa hiyo hawatangoja Jumamosi, kesho asubuhi watawashusha kondoo wa juu, na geti la juu litakuwa wazi toka alfajiri. Noeline angeweza kupita, ila aliache hivyohivyo. Noeline alijibu sawa kaka, nimesikia. Alikuwa ameibana simu kwa bega huku anaosha vikombe vya wageni. Kisha akaketi kitini avue viatu, na alipozinduka kulikuwa kumekucha, kiatu kimoja kikiwa bado mguuni. Maneno ya Struan yalikuwa yameingia yakadondoka humohumo.

Wageni walikuwa watano. Walikuwepo dada wawili wa Uswisi, mume na mke waliooana juzijuzi, na Mjerumani mmoja mwalimu wa shule, jina lake Ottmar, aliyekaa mbele kando ya dereva. Kule anayekaa mbele ndiye mfungua mageti, na Noeline alimweleza hivyo mapema. Ottmar alifurahi kama mtu aliyepewa cheo. Alikuwa mpole na mwangalifu, wa kuuliza kila kitu. Magotini alishika joho la sufu ya kijani alilolishona mwenyewe, na alisema limemla majira matatu ya baridi, mshono kwa mshono, akisimamisha filamu kila mara ili atazame pindo.

Mageti matatu ya chini yalikuwa yamefungwa. Ottmar aliyafungua, gari likapita, akayafunga, akarudi ndani akipuliza vidole. La nne, la juu, lilikuwa wazi, limeegeshwa kwenye uzio na kufungwa kwa kamba lisirushwe na upepo. Gari likapita. Ottmar akashuka, akalitazama geti, akamtazama Noeline.

"Mama, hili lilikuwa wazi," alisema. "Kibao kule chini kinasema tuyaache tulivyoyakuta."

"Lifunge tu, baba. Hilo hufungwa."

"Una hakika?"

"Nimeanza kupita hapa kabla wewe hujatunga uzi wa hilo joho."

Wale dada wa nyuma wakacheka, na Ottmar naye akacheka. Akaifungua ile kamba, akalisukuma geti mpaka nguzoni, akauzungusha mnyororo mara mbili na kuupachika kwenye ndoano yake, kwa kuwa alikuwa mtu wa kufanya kazi ikafanyika. Noeline alimwona kwenye kioo cha pembeni. Majira yote ya joto geti lile lilikuwa likifungwa, na mkono wake uliokuwa kwenye usukani ulikuwa umezoea hivyo.

Aliliacha gari chini ya Kinundu, wakapanda kwa miguu. Huko juu wageni walivaa majoho yao ya kuiga filamu, na Ottmar akashika upanga wa bati. Upepo ulikuwa ukitoka upande wa theluji, na nyasi ndefu za rangi ya simba zilikuwa zimelala zote upande mmoja. Noeline akasimama pale anaposimama kila siku, akasema mfalme alipiga magoti hapa. Mke wa yule kijana aliyeoa juzijuzi akalia kidogo, kama walivyolia wengine wengi. Kwenye mwamba kulikuwa na vyuma vinne vyenye kutu, na wageni wote walivipapasa kwa vidole wakidhani ni vya lango la mji ule. Vilikuwa vya baba yake Struan, alivitia ili kushikilia mlingoti wa redio. Mwaka wa kwanza Noeline aliwaambia watu ukweli, akaona nyuso zinavyodondoka. Toka mwaka wa pili aliwaacha wapapase.

Akamimina chai, akagawa mikate yenye nyama baridi ya kondoo. Kasuku wawili wa milimani, wale wakubwa wa kijani wasio na haya, walitua wakaanza kuvuta utepe wa joho la mmoja wa wale dada, yeye akapiga kelele za furaha. Noeline akakaa juu ya jiwe, mgongo kwenye upepo, na kikombe mikononi. Alitaka dakika kumi za kutoulizwa kitu. Akafumba macho.

Ndipo alipowasikia mbwa.

Mwanzoni hakujali, maana mbwa wa kondoo husikika siku zote nchi ile. Lakini hawa walikuwa wengi, na walikuwa juu sana, wakibweka kwa zamu kama wanavyobweka wakiwa nyuma ya kundi kubwa. Alifumbua macho. Kwenye mgongo wa mlima wa ng'ambo kulikuwa na kitu cheupe kikimwagika, chembamba juu, kipana chini, kama uji unaofurika sufuria. Ncha ya mbele ilikuwa imekwishaupita mkunjo wa bonde, imefichwa na ardhi, inafuata uzio kuelekea geti la juu. Simu ya jana ikamrudia nzima, neno kwa neno, pamoja na sauti ya maji ya kuoshea vikombe.

Aliweka kikombe chini taratibu, kama vile ndicho ambacho kingevunjika. Kisha akawaambia wageni wakae palepale, asiondoke hata mmoja, akaanza kushuka.

Kwa gari ile njia ingezunguka na kumpeleka katikati ya kondoo, akawatisha zaidi. Akashika njia ya kijito kinachoshuka hadi karibu na geti. Ni dakika kumi kwa mtu mwenye magoti mazima. Yeye alishuka akishika mawe, mara nyingine kwa makalio, maji ya barafu yakiingia kwenye viatu, na nyuma yake alisikia mtu. Alikuwa Ottmar na joho lake, amelikusanya kifuani kama mwanamke aliyebeba nguo za kufua.

"Nimekwambia ukae," alisema bila kugeuka.

"Ni lile geti, siyo?"

Walipita chini ya waya mahali uzio unapovuka kijito, wakatokea upande wa chini wa geti, na hapo waliona.

Kondoo wa mbele walikuwa wamefika wakakuta njia imezibwa. Wa nyuma hawakujua. Waliendelea kuja, mbwa wakiwasukuma, na wa mbele wakabanwa kwenye kona ya uzio na geti mpaka wakaanza kupandana, safu juu ya safu, sufu juu ya sufu, bila kelele nyingi. Hicho ndicho kilichokuwa kibaya kuliko vyote. Kondoo anayekosa pumzi halii.

Hoani, mchungaji wa Struan wa miaka mingi na binamu yake Noeline upande wa mama, alikuwa ameketi chini ya nguzo, uso umekuwa kijivu. Alikuwa akishuka pembeni, akaliona geti kwa mbali, akakimbia, akauruka uzio ili alifungue kutoka chini. Waya ulimnasa kiatu. Mguu wake ulikuwa umeelekea mahali ambapo mguu hauelekei.

"Karibu, binamu," alisema. "Nikadhani umepita kuoga kwanza."

Noeline alishika mnyororo. Ulikuwa umekazwa na uzito wa kondoo wote wale, mizunguko yote miwili, mgumu kama fimbo ya chuma. Hoani akawaambia wasivute, wasukume geti kule kwa kondoo kwanza ulegee. Wakageuza migongo wakaliegemea, Noeline na yule Mjerumani, visigino vikichimba matope. Halikutikisika. Wakaegemea tena. Noeline alihisi pumzi za wanyama shingoni kupitia mapengo ya mbao, joto na harufu ya mafuta ya sufu. Mara ya nne likasogea upana wa kidole, mkono wake ukaikamata ndoano, mzunguko mmoja, wa pili, na geti likawafyatukia. Lilimtupa pembeni ya njia, likamtupa Ottmar upande mwingine, na kondoo wakamwagika katikati yao kwa muda mrefu, wakiruka bila sababu mahali pale ambapo wa kwanza wao aliruka.

Rundo la pembeni halikumwagika. Wakaanza kulifumua. Noeline alimshika mmoja mguu, akavuta, akamweka upande, akamshika mwingine. Baadhi walisimama wakayumba, wakaenda. Baadhi walibaki walivyowekwa. Ottmar alikuwa amevua joho, na mtu aliyekuwa ameshika upanga wa bati nusu saa kabla alifanya kazi ile bila kuuliza hata swali moja. Walipomaliza, waliolala walikuwa kumi na tisa, majike wote, wale wa kuzaa mwaka ule.

Struan alifika nyuma ya kundi, kama ilivyo desturi ya mwenye kondoo. Alikuwa mzee wa miaka sabini, mrefu, na fimbo ndefu ya mlimani mkononi. Mbwa wake wakalala chini bila kuambiwa. Aliwatazama wale kumi na tisa, akautazama mguu wa Hoani, akaligusa geti kwa ncha ya fimbo.

"Nani alifunga?"

"Mimi," alisema Ottmar. "Ni mimi niliyelifunga."

Struan akamtazama toka viatuni hadi kichwani, na lile joho lililotupwa juu ya nyasi. "Kibao kiko kule chini, herufi kubwa hivi. Kuvaa ufalme unaweza, kusoma kumekushinda?"

Ottmar aliinamisha kichwa. Hakumtazama Noeline.

Na Noeline aliuona mlango uliofunguliwa mbele yake. Struan angewasema wageni mpaka theluji iyeyuke, angemwambia awe mwangalifu na watu anaowaleta, ingepelekwa keki, ingenywewa chai. Ottmar angepanda ndege Jumapili. Neno lenyewe lilikuwa la kweli, mkono uliofunga ulikuwa wake. Kilichotakiwa kwa Noeline ni kunyamaza tu, na kunyamaza ni kazi nyepesi kwa mtu aliyechoka. Lakini alimwona mwalimu yule anavyojifuta mikono kwenye suruali, polepole, kidole kwa kidole, na akajua kwamba hili hataliweza. Angekuwa analipandisha Kinundu kila siku pamoja na vikombe.

"Aliniuliza," alisema. "Mara mbili aliniuliza, Struan. Mimi nikamwambia afunge, nikamtania juu yake. Na wewe uliniambia jana kwenye simu. Nilisikia. Nikasahau."

"Ulisahau."

"Ndiyo, kaka."

Struan akawatazama kondoo wakipita. "Miaka kumi na mmoja nimekuachia barabara hii kwa jambo moja," alisema. "Sikukuomba mawili."

"Hukuniomba."

"Basi washushe watu wako. Usiwarudishe tena." Akapiga mluzi, mbwa wakainuka, akaenda nyuma ya kondoo wake bila kugeuka.

Noeline alipanda tena kijito kuwachukua wale wanne. Walikuwa wameona yote kutoka juu, na mke wa yule kijana alikuwa analia tena, safari hii machozi mengine. Walimlaza Hoani kwenye kiti cha nyuma, wale dada wakayakunja majoho yao kuwa mto wa mguu wake. Njiani Hoani, akiuma meno kila gari liliporuka, alimwambia Noeline kuwa amefanya ujinga. Yule Mjerumani angekuwa kwao wiki ijayo, nani angemfuata huko kumdai kondoo. Ottmar alikuwa palepale mbele akisikia. Akasema kwamba hata yeye aliona hivyo.

"Mmemaliza?" Noeline aliuliza. Wakasema wamemaliza.

Baadaye kidogo akamuuliza Hoani ni nani atakayeshika sehemu yake kesho. Maana kushusha kondoo hakukuwa kumekwisha. Upande wa pili wa mlima ulikuwa bado, na theluji ilikuwa inakuja. Hoani akasema hayupo mtu. Atapanda Struan na Fergus mkwewe, watu wawili kwa kazi ya watatu, na njia ya juu kabisa itabaki tupu, na kondoo watakaobaki huko watafunikwa na theluji.

Alimwacha Hoani zahanati, akawaacha wageni hotelini. Ottmar alimpa mkono kwa muda mrefu bila kupata la kusema. Nyumbani Noeline aliwapigia simu watu wa kesho akawaambia safari hakuna. Waliuliza lini, akasema hajui. Kisha akaanza kutafuta viatu vyake vya misumari vya kupandia mlima, ambavyo hakuvivaa toka alipokuwa msichana akiwapelekea baba zake chai mlimani. Havikumwingia. Akachukua vya marehemu mumewe na soksi tatu.

Saa kumi na moja alfajiri alikuwa amesimama kwenye zizi la Struan. Fergus alikuwa akiwafungulia mbwa, akamwona, akamtazama baba mkwe wake. Struan alimtazama Noeline, akatazama vile viatu vikubwa. Hakusema karibu wala hakusema rudi. Aliingia bandani, akatoka na fimbo ya Hoani, akaiegemeza ukutani mahali ambapo Noeline angeweza kuichukua kama akitaka. Akaichukua.

Walipanda masaa matatu. Kwenye mkunjo wa mwisho Fergus alishika njia ya chini, Struan ya kati, na Struan akaonyesha juu kwa kidevu. Noeline akaendelea peke yake. Kila hatua aliisikia kwenye nyonga. Alipofika njia ya juu ukungu ulikuwa umeshuka, mzito, hata ncha ya fimbo yake hakuiona vizuri, na punje za kwanza za theluji zilianza kumgonga usoni.

Katika ukungu watu wa mlimani huitana. Wa juu huanza, wa kati hujibu, wa chini humalizia, ili kila mmoja ajue mwenzake alipo na mstari usipinde. Anayeitwa akijibu, wote huendelea. Asipojibu, wote husimama. Noeline alikuwa amelisikia jambo hilo tangu utotoni, lakini hakuwahi kuwa yeye wa kuita, na hakujua kama mtu aliyemfungia barabara jana ana deni la kumjibu leo.

Akasimama mpaka pumzi imrudie. Akaita. Sauti yake ilitoka nyembamba, ikaingia kwenye ukungu kama inaingia kwenye sufu.

Kondoo mmoja akapiga chafya mahali fulani mbele yake.

Akaita tena, kwa kifua chote.

"Nakusikia," Struan alijibu kutoka chini, sauti kavu, karibu kuliko alivyodhani. "Umeshaupita mwamba mwekundu?"

"Bado."

"Upo nyuma sana."

"Najua, kaka. Magoti."

Upepo ukapita kwanza. Chini kabisa Fergus aliita kumalizia mstari, mbwa mmoja akambwekea.

"Panda polepole," Struan alisema. "Nitasimama mpaka ufike."

Noeline akachomeka fimbo kwenye mawe, akajivuta hatua moja, halafu nyingine, na mbele yake ndani ya ule weupe kondoo wakaanza kuinuka.